Pango la Kitabu cha Nne

Ninyi mnaosoma kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu, nina neno nanyi. Salamu nitawapa mwishoni, kwa wale watakaofika huko. Kwanza nataka kujua ni nani aliyewafundisha kuhukumu kitabu ambacho hamjakimaliza.

Kazi ya vitabu nimeifanya tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Miaka ya mwanzo nilikuwa mjalidi katika karakana moja mjini. Tulishona na kubandika vitabu vilivyochanika, vya shule, vya ofisi na vya makanisa. Karakana ilipofungwa, kanisa letu la Gatina, hapa Kawangware, likanipa chumba cha mabati nyuma ya jiko la akina mama, nikakifanya chumba cha kusomea. Hapo nimekaa mpaka mwaka huu, macho yalipokataa. Namshukuru Mungu kwa kila siku aliyonipa mle ndani, hata zile ambazo mvua ilipita katikati ya rafu na tukaanika vitabu juu ya kamba kama nguo za watoto. Lakini kushukuru si kunyamaza, na leo sinyamazi.

Nianze na jambo la kazi, maana linawahusu. Kitabu chenyewe husema kimesomwa mpaka wapi. Kifunge, kibane kwa mikono miwili, kisha tazama upande wa mbele, pale kingo za karatasi zinapokutana. Vidole vilipopita pana weusi kidogo, kama ukingo wa mlango kwenye nyumba yenye watoto. Visipopita pameng'aa. Kwa hiyo mtu akija na kitabu kipya na kuniambia amekimaliza, nilikuwa namsikiliza yeye huku nikikitazama kitabu.

Brayo ni mwendesha bodaboda wa hapa Gatina, na ni mtu mwenye maoni kuliko wote niliowahi kuwaazima vitabu. Siku moja alinirudishia kitabu kipya baada ya siku mbili, akaegemea mlango, kofia ya pikipiki mkononi.

"Mwalimu, nimemaliza. Hiyo kitu ni moto." Wananiita Mwalimu kwa sababu wengi wao niliwafundisha shule ya Jumapili.

"Mwisho wake umeuonaje?"

"Mwisho? Mwisho iko sawa. Imeisha poa."

Nikakibana kitabu. Weusi wa mafuta ya pikipiki ulifika upana wa kidole kimoja, kisha weupe mtupu mpaka jalada la nyuma.

"Brayo, wewe umeishia kwenye harusi ya malkia."

Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Kwani umeweka kamera ndani ya kitabu, buda?"

Basi nikamrudishia, akaenda kukimalizia. Miaka hiyo mtu akikamatwa hivyo alikuwa anaona haya kidogo. Sasa haya zimekwisha, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kanuni ya chumba chetu ilikuwa moja tu. Karibu na mlango, kwenye msumari, lilining'inia daftari kubwa lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Ukirudisha kitabu, unaandika mistari mitatu juu yake kabla hujachukua kingine, na jina lako chini. Maoni yasiyo na jina hatukuyataka. Nilikuwa nikilisoma daftari lile kama watu wengine wanavyosoma gazeti. Mama Nekesa, anayepika chapati pale kwenye kona ya kuingilia kanisani, aliwahi kuandika hivi: "Kitabu kizuri. Lakini huyu mume angekuwa wangu ningemrudisha kwa mama yake amalize kumlea." Hayo ni maoni. Mtu amesoma, ameudhika, na unajua ameudhika na nini.

Vitabu vilivyojaza daftari kuliko vingine vyote vilikuwa vile vya mfululizo wa Falme za Chumvi. Kwa asiyeujua, ni hadithi ndefu ya nchi ya kubuni ambamo mvua imefungiwa nyuma ya lango la mawe. Kuna dada na kaka, Mwelu na Sango, wanaokua kitabu baada ya kitabu huku wakililinda lango lisitekwe na adui. Vilikuwa vitabu saba, mimi nikiwa na nakala moja ya kila kimoja, na watu walivisubiri kwa zamu. Kuna waliovianza wakiwa wanafunzi, na sasa wana watoto wa shule. Sango ndiye aliyependwa. Hapa Gatina kuna duka la kinyozi lililoandikwa jina lake.

Kabla sijafika kwenye kitabu cha nane, niwaambie habari za Mzee Shadrack, maana bila yeye hamtaelewa kosa langu.

Mzee Shadrack ndiye aliyenifundisha kujalidi. Alikuwa mfupi, mkali, na aliimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini akishona. Alinifundisha kuvuta uzi usikate karatasi, kukausha kitabu kivulini chini ya tofali, na kupika gundi kwa unga wa ngano na maji, ukikoroga mpaka mkono uume. Gundi ya dukani ilikuwepo, yenye nguvu na ya haraka, lakini aliikataa. "Hiyo ikishika imeshika," aliniambia. "Ya unga, ukikosea, mvuke wa birika utaifungua. Tumia gundi itakayokuachia nafasi ya kurekebisha." Nilidhani ni ubahili wa mzee.

Mwaka wangu wa kwanza alinipa vitabu ishirini vya nyimbo vya kanisa fulani nivikate kingo zilingane. Nikavipanga kwenye mashine ya kukatia, nikabana, nikashusha kisu kwa fahari. Nilikuwa nimekata chini mno. Namba zote za kurasa, zilizokuwa zimechapwa chini kabisa, zilibaki sakafuni kama magamba ya samaki. Mzee Shadrack akaokota kipande kimoja, akasoma "themanini na mbili", akanitazama.

"Sasa mchungaji akisema fungueni ukurasa wa themanini na mbili, watafungua nini?"

Nilikaa siku tatu nikiandika namba kwa mkono. Tangu hapo nilikuwa mwangalifu na kisu. Mara moja tu nilikata tena hivyo, miaka mingi baadaye, katika chumba hiki cha Gatina. Kilikuwa kitabu kilichokuja kimetumika, chini kimeliwa na panya, na haikuwezekana kukisafisha bila kupoteza namba. Sikuziandika upya. Nilisema moyoni kwamba hadithi haihitaji namba, watu watafuata maneno. Kilikuwa kitabu cha nne cha Falme za Chumvi.

Sasa kitabu cha nane. Watu walikingoja miaka mingi, na kilipotoka nilipata nakala moja. Niliipangia zamu, siku tatu kila msomaji. Kabla nakala ile haijatoka mkononi mwa msomaji wa pili, daftari lilikuwa limejaa maoni ya watu kumi na wanne. Walipita mlangoni wakaandika. Wengine sikuwajua hata sura.

Nitawanukulia, maana yapo. "Mwandishi amezeeka apumzike." "Hii imeandikwa na mashine, hakuna mtu hapa." "Mimi sijasoma ila nimeona video ya mtu akiichambua, ni takataka." Huyo wa mwisho aliandika jina lake kwa herufi kubwa na kulipigia mstari, kama mtu aliyemaliza mtihani. Ule wa mashine ulikuwa wa Brayo, na zamu yake ya kusoma ilikuwa bado wiki mbili.

Mniambie, hii ni tabia gani? Mtu amekaa mezani miaka yote hiyo, amechoma sufuria za ugali akitafuta neno moja, na wewe unayengoja abiria pale stendi unasema hakuna mtu. Chapati ya Mama Nekesa ungeitema kabla hujaionja angekupiga na mwiko, na ungestahili. Kwa nini kitabu kivumilie?

Kilichowakasirisha ni Sango. Katika kitabu cha nane, usiku adui anapokuja, Sango ndiye anayemfungulia lango. Mwenyewe, kwa mkono wake. Hasemi kwa nini, isipokuwa neno moja, kwamba ameitwa kwa jina lake na hawezi kukataa. Hapo ndipo Kawangware nzima iliposimama. Sango mwaminifu, Sango aliyembeba dada yake mgongoni jangwani, awe msaliti bila sababu?

Na niseme ukweli, mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilikisoma mpaka neno la mwisho, kwa miwani miwili, na nikakasirika kuliko wote. Nilikuwa na sababu yangu. Katika kitabu cha nne, Mwelu anaugua karibu kufa, na sura inayofuata ameamka mzima, kaka yake yuko kando ya kitanda amechoka. Hakuna maelezo. Mimi miaka yote nilikuwa nikiitumia habari hiyo kwenye shule ya Jumapili. Niliwaambia watoto: mnaona ndugu alivyoomba mpaka dada akapona? Vizazi viwili vya watoto wa Gatina wameombea wagonjwa wao kwa mfano wa Sango. Na sasa mwandishi amfanye mtu huyo afungulie adui mlango.

Nikaandika mistari yangu mitatu, mikali.

Zamu ya nne ilikuwa ya Adhiambo. Huyu ni binti wa watu wa Ziwa, alikulia Kibera, akahamia mtaa wa Kongo hapa Kawangware, na hapo anakaanga samaki kando ya barabara. Mnaweza kudhani vitabu vyake vilirudi vinanuka. Havikunuka hata siku moja. Alinawa mikono kwa limau, akafunga kitabu kwa gazeti, akasoma akiwa ameketi mbali na karai. Kingo za vitabu vyake zilirudi kama zilivyotoka. Kwa ajili hiyo, kamati ya kanisa iliponiomba nitaje mtu wa kushika ufunguo wa chumba nitakapostaafu, nilikuwa nimeshachagua jina lake. Yeye alijua, na alikuwa ameanza kufika mapema Jumamosi kunisaidia kupanga. Aliutaka ufunguo ule kwa namna mtu anavyotaka kitu bila kukisema.

Jumamosi alasiri akaja na kitabu cha nane ndani ya gazeti lake. Chumbani tulikuwa mimi, Mama Nekesa na Brayo, na wasomaji wengine watano sita kwenye mabenchi. Akaandika kwenye daftari. Brayo akasoma juu ya bega lake kwa sauti.

"'Sango aliapa pangoni. Mwandishi hakukosea. Ni sisi tumesahau.' Adhis, pango gani?"

"Ya kitabu cha nne. Si anaenda kwa nyoka mzee anampatia jina lake ndio Mwelu apone? Nyoka anamwambia, siku nitakuita, utafungua. Sasa amemuita."

"Nyoka?" Mama Nekesa akaweka kitabu chake magotini. "Mimi hicho cha nne nimesoma mara mbili nikingoja wateja. Hakuna nyoka mle, mami."

"Iko, Mama Nekesa. Niliisoma nikiwa Kibera kabla nihamie huku. Nililia hiyo siku."

"Labda Kibera mko na yenu," Brayo akasema, na watu wakacheka.

Adhiambo hakucheka. Alikwenda kwenye rafu, akatoa kitabu cha nne, akafungua palipo na ugonjwa wa Mwelu. Akafunua. Mwelu ameamka. Akarudi nyuma, akafunua tena, polepole. Mwelu ameamka. Nilimwona uso ukibadilika.

"Ilikuwa hapa," akasema. "Kwani ninyi hamkujiuliza huyu msichana amepona aje?"

"Maombi," akasema Mama Nekesa. "Mwalimu ametufundishia watoto."

"Leta nione." Brayo akakishika, Adhiambo hakukiachia, na jalada likachanika kutoka kwenye uti wake kwa sauti ambayo mjalidi huisikia mwilini. Brayo akaona aibu ya kuchana kitabu, na aibu ile akaigeuza maneno. "Na hivi vitabu zako hurudi bila alama hata moja. Mwalimu, si wewe husema alama ndio shahidi? Labda huyu hufunika tu na gazeti, hasomi."

Hapo ndipo nilipopaswa kuwa mtu mzima. Nilikuwa na kitabu kilichochanika mkononi, hasira ya Sango bado kifuani, na mtu alikuwa ameninukulia elimu yangu mwenyewe. Nikasema, "Adhiambo binti yangu, mtu akisahau aseme amesahau."

"Sijasahau, Mwalimu."

"Kitabu hiki hapa. Pango halimo. Basi unasema uongo, na unausema mbele ya kitabu chenyewe."

Aliitazama kalamu aliyokuwa bado ameishika. Akaiacha, ikaning'inia kwenye uzi wake, akatoka. Na mimi, mzee wa kanisa, nikaiinua kalamu ile ile nikaandika chini ya maoni yake: "Pango halipo. Aliyeandika haya hakusoma." Nikatia jina langu. Halafu nikamwambia Mama Nekesa kwamba kwa habari ya ufunguo, nitatafuta mtu mwingine.

Jumatatu mchana nilikaa kukishona kitabu cha nne. Nilitoa uzi wa zamani, nikasafisha uti, nikapitisha kidole gumba juu ya kingo ili kuhesabu mafungu ya karatasi. Ukifanya kazi hii miaka mingi, kidole kinafahamu unene wa karatasi kuliko jicho. Kilipita, kikapita, kikagonga. Karatasi moja ilikuwa ngumu kama kadi. Nikarudi. Ilikuwa pale pale, kati ya ugonjwa wa Mwelu na kuamka kwake. Nikaishika kwenye mwanga wa dirisha, nikaona kwamba si karatasi moja, ni tatu. Nikainusa. Unga wa ngano.

Hakuna mtu mwingine katika Gatina yote anayepika gundi ile.

Ndipo ikanirudia. Ni miaka mingi, nilikuwa nimetawazwa mzee wa kanisa karibuni, na niliona kila kitabu kinachoingia chumbani kama mgeni anayepaswa kupekuliwa. Nilikuwa nimekata kile kitabu kingo, brashi yangu iko ndani ya gundi, nikisoma ukurasa hapa na pale. Nikafika mahali mtu amepiga magoti mbele ya nyoka, anamwita baba. Sikusoma mstari wa pili. Ilikuwa sura fupi, imeanza ukurasa wa kushoto ukigeuza karatasi, ikaisha kurasa chache mbele. Nikapaka gundi, nikabana, nikaweka tofali juu. Namba hazikuwepo za kumshtua msomaji. Sura za kitabu kile hazihesabiwi, zina majina tu. Sikumwuliza mchungaji, sikumwambia mtu, na kesho yake nilikuwa nimeshasahau, kama mtu anavyosahau kwamba amefunga dirisha.

Kwa hiyo hasira yote ile ya wasomaji juu ya mwandishi ilitoka kwenye brashi yangu. Na mtu mmoja aliyesema kweli nilikuwa nimemwita mwongo.

Nilitembea mpaka Kongo. Adhiambo alikuwa akigeuza samaki kwenye karai. Hakuinua macho.

"Karibu Mwalimu. Umekuja kwa samaki ama kwa maneno?"

"Pango lipo."

"Najua liko."

"Nililifunga mimi. Kwa gundi. Zamani."

Akageuza samaki wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mteja mmoja akaja, akamhudumia, akaondoka.

"Wewe ndio ulificha," akasema, "na wewe ndio ukaniita mwongo."

"Ndiyo. Nisamehe, binti yangu."

"Nimekusamehe. Hiyo nimefundishwa kanisani, haina shida." Sasa akanitazama. "Lakini hapa tuko mimi, wewe na samaki. Ile siku haukuniita hivyo mbele ya samaki."

Nikamwambia aje chumbani Jumapili.

Jumapili, baada ya ibada, nilimwomba Mama Nekesa aniazime jiko na birika. Wasomaji wakajaa chumbani, na Brayo akasimama mlangoni. Nikawaambia nilichofanya, kwa maneno niliyowaandikia hapa, bila kupunguza. Kisha nikaishika karatasi ile juu ya mvuke.

Hili nalo mlijue, huenda mkalihitaji. Usivute. Mvuke ukiingia, gundi hulegea kutoka pembeni. Unaingiza kisu cha mbao, unangoja, unaingiza tena. Ukivuta, maneno hubaki upande mmoja na karatasi upande mwingine. Ilichukua muda mrefu. Katikati Mama Nekesa alisema, "Maji yanakwisha," akaongeza mengine.

Zilipofunguka, kurasa zile zilikuwa nyeupe kabisa. Kitabu kizima kimekuwa rangi ya chai kwa mikono ya watu, na hapo katikati palikuwa kama kitabu kilichotoka kiwandani jana. Nikampa Adhiambo. Alizisoma kwa sauti, amesimama.

Sitawasimulia yote, kasomeni. Niseme tu kwamba Sango anakataa mara mbili. Kwamba anamwita nyoka baba kwa sababu ndiyo sharti, na neno linamtapisha. Na kwamba ukurasa wa mwisho, ule ambao ningeufikia kama ningekuwa na subira ya dakika tano, anatoka pangoni, anaanguka kifudifudi, anamlilia Mungu wake amsamehe, na anaapa kwamba siku atakayoitwa atakuwa ameshakufa. Hakufa mapema. Hiyo ndiyo huzuni ya kitabu cha nane. Nilikuwa nimewaficha watoto wa shule ya Jumapili toba niliyokuwa nikiwatafutia mfano. Maandiko yenyewe hayakuficha dhambi za wafalme, na mimi nilijifanya mwangalifu kuliko Maandiko.

Adhiambo alipomaliza, Mama Nekesa alikuwa ameshika mdomo. "Kumbe kijana wa watu alibeba hii kitu peke yake vitabu vinne vyote."

Brayo akakuna kichwa. "Mwalimu, na ile yangu ya mashine?"

"Jina lako liko chini yake."

"Naeza futa?"

"Zamu yako inaanza kesho. Soma kwanza."

Nikautoa ufunguo mfukoni, nikataja jina nililopaswa kulitaja wiki iliyopita. Kisha nikaliendea daftari. Nilikuwa nimepanga kuuchana ule ukurasa, mbele yao, niutie kwenye jiko. Nilikuwa nimeushika tayari kwenye kona. Adhiambo akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Hapana, Mwalimu. Umeficha ya kutosha."

Akanipa kalamu. Nikaandika chini ya maneno yangu, mistari mitatu kama kanuni inavyosema: "Pango lipo. Nililifunga mimi bila kulisoma. Adhiambo alisoma." Nikatia jina. Ukurasa huo uko pale kwenye msumari mpaka leo, na yeyote anayekwenda kuandika maoni anaupita kwanza.

Brayo alikimaliza kitabu cha nane. Nilikibana, nikaona weusi wa mafuta umefika mpaka jalada. Bado anasema hakipendi, na sasa ana haki. Aliandika kwamba Mwelu alipaswa kumwuliza kaka yake swali moja tu katika miaka yote ile. Ni maoni mazuri kuliko yangu.

Lakini msifikiri hasira yangu kwenu imekwisha kwa sababu nami nilikosa. Nimeipata kwa bei kubwa na sitaiachia. Mimi nilihukumu kurasa nne kwa mstari mmoja, nikawaibia watu hadithi miaka mingi. Ninyi mnafanya hivyo kila siku kwa kidole, kisha mnasambaza kwa watu ambao nao hawatasoma, wala hakuna birika la kuyafungua hayo.

Siku ya kwanza Adhiambo aliposhika ufunguo, hakupanga rafu. Alianza kitabu cha kwanza upande wa kushoto, akapitisha kidole gumba juu ya kingo zake, kisha cha pili. Kila anapokuta karatasi nene ananiwekea mezani. Mimi huja Jumamosi na Jumatano, naketi kando ya jiko la Mama Nekesa na kisu changu cha mbao. Tumeshafungua tisa. Zipo ambazo hata sikumbuki nilichoogopa.

Sasa ile salamu niliyowaahidi: hamjambo. Wenzenu walioishia kwenye harusi ya malkia mtawapelekea ninyi salamu hiyo.